Amri Iliyosahauliwa Uwanjani

Walimwita Kijiti tangu akiwa mdogo, kwa ajili ya wembamba wake, na jina likamganda mpaka alipovaa bereti na kuwa kamanda wa kikosi cha wanafunzi. Hapo walimu wakaanza kumwita Kamanda. Rafiki yake wa kufa na kuzikana, binti ambaye shule nzima ilimwita Cheko kwa sababu kicheko kilimponyoka hata msibani, aliendelea kumwita Kijiti, ila sasa alipiga saluti kwanza.

"Mheshimiwa Kijiti," alikuwa akisema, "naomba ruhusa ya kuazima kalamu na kutoirudisha."

Mafunzo yenyewe yalikuja na jina refu: Mpango wa Uongozi, Maadili na Ukakamavu kwa Vijana wa Sekondari. Yalikuja na bendera, filimbi, na picha za wanafunzi wa shule nyingine wakiwa wamesimama kama misumari. Wenye kumbukumbu wanakumbuka yalivyotafutiwa mahali pa kukaa. Chumba cha maktaba kiligeuzwa ghala la bunduki za mbao. Vitabu vilitiwa kwenye magunia vikapelekwa stoo ya jikoni, na panya wakavimaliza kabla wanafunzi hawajavifungua. Bunduki zilichongwa kwa mbao za madawati, hivyo darasa moja likakaa sakafuni muhula mzima ili wenzao wapate silaha zisizolia. Hakuna aliyeuliza. Wazazi waliambiwa watoto wao watatoka wakiwa viongozi, na mzazi gani atasema hataki mwanawe awe kiongozi?

Mkufunzi waliambiwa wamwite Afande, basi, jina jingine hawakupewa. Alikuwa mwanajeshi mstaafu mwenye sauti ya kuvuka viwanja viwili, na tumbo ambalo, kwa maneno ya Cheko, liliwahi gwaride kabla ya mwenyewe kufika. Hakuwa mkatili. Hilo lisemwe mapema, kwa maana watu hupenda kumtafuta mkatili mmoja, wamtwishe kila kitu, kisha waende zao nyumbani wakale wakalale. Afande aliwajua wanafunzi wote kwa majina. Mwenye shati chafu alimpa kipande cha sabuni, hakumpa kiboko. Lakini alikuwa na kanuni aliyoipenda kuliko zote, na kila asubuhi aliwaimbisha.

"Amri hutenguliwa na nani?"

"Na aliyeitoa, Afande."

"Au?"

"Na aliye juu yake, Afande."

"Na wewe uko juu ya nani?"

"Sina niliye juu yake, Afande."

Hayo ndiyo yaliyoitwa mafunzo ya uongozi.

Siku ile walikuwa wakijiandaa kwa sherehe ya kuhitimu. Jua lilikuwa limeshatulia juu ya uwanja kama mtu aliyekuja kudai. Chupa za maji zilikuwa zimepangwa chini ya ukuta wa maabara, mstari mmoja, kila moja na alama ya mwenyewe. Ya Cheko ilifungwa utepe mwekundu. Kugusa chupa kabla gwaride halijavunjwa lilikuwa kosa, na hakuna aliyewahi kulifanya.

"Kikosi," Afande akaita, "mguu sawa."

Visigino vikakutana. Mikono ikabana ubavuni. Kijiti alikuwa mbele peke yake, amekipa kikosi mgongo, na nyuma yake tu, katika safu ya kwanza, alisimama Cheko. Aliwekwa hapo kwa sababu hakuna aliyekuwa na hatua safi kama yeye. Wengine walipokosea mguu, Afande aliwaambia, "Tazama miguu ya huyo mchekeshaji."

Ndipo Mwalimu Mkuu, mama mrefu mwenye miwani ya kamba, alipotokea mlangoni mwa ofisi na kupunga mkono. "Afande, hebu njoo mara moja. Watu wa mahema wamefika."

Afande akaenda. Akaenda bila kusema mguu pande, amri ya kuwapumzisha.

Ofisini kulikuwa na ubishi juu ya vitambaa vya viti, kama viwe vyeupe au vya buluu, na kiti cha Mgeni Rasmi kielekee upande gani asipigwe na jua. Soda zikafunguliwa. Afande, ambaye miaka yote jeshini hakuwahi kuulizwa maoni yake juu ya jambo lolote, siku hiyo aliulizwa, tena akasikilizwa. Utamu wa kusikilizwa ukamlevya. Akasahau.

Nje, kivuli cha mlingoti wa bendera kilikuwa kwenye ncha ya buti la Kijiti. Taratibu kilipanda kamba za kiatu, kikashuka upande wa pili, kikamwacha. Jasho lilimwingia machoni na hakulipangusa. Mwalimu mmoja alipita barazani na madaftari kwapani, akawatazama, akatabasamu, akaendelea na safari yake. Alidhani ndivyo wanavyofundishwa, na kweli ndivyo walivyofundishwa.

"Kijiti," sauti ilisema nyuma yake, ndogo, haina mzaha.

Kijiti akakazia macho mbele.

"Kijiti, naona giza."

Kijiti alisikia. Kila neno. Shingo ilitaka kugeuka, akaikaza. Afande angerudi sasa hivi. Amri hutenguliwa na aliyeitoa. Kisha akasikia mtu akianguka kwenye ardhi kavu, na sauti yenyewe si kubwa, ni kama furushi la nguo limetupwa sakafuni. Kikosi kizima hakikusogea.

Afande alipotoka ofisini chupa ya soda ilikuwa bado mkononi. Aliitupa, akakimbia kwa kasi ambayo hakuna aliyejua anayo, akamwinua Cheko na kumtia begani, akapita naye mbele ya macho ya Kijiti kuelekea getini. Mkono wa Cheko ulikuwa ukining'inia. Hata hapo Afande hakukumbuka. Waliendelea kusimama mpaka mwalimu wa zamu alipogonga kengele, akawauliza, "Nyinyi mnasubiri nini?"

Cheko hakufa. Watu walishukuru, wakasema yamekwisha salama. Joto lilikuwa limepanda kichwani likaunguza mahali pa ubongo panapotunza mizani ya mwili. Daktari alisema huenda pakapona kidogo, huenda pasipone. Alirudi nyumbani akitembea kwa kushika kuta, na maneno yakimtoka moja moja, kama ndoo inayovutwa kutoka kisima kirefu.

Mkutano wa wazazi ukaitishwa. Mwalimu Mkuu alisimama akasafisha koo. Alisema binti yule alikuwa na ugonjwa aliouficha. Alisema inasikitisha. Halafu akasema jambo la pili, na Kijiti, aliyekuwa amesimama mlangoni na bereti yake, hakulisahau kamwe: kwamba katika wakati ule mgumu kikosi hakikuvunja safu, na kwamba wazazi wajivunie watoto wenye nidhamu ya namna hiyo. Ukumbi ukapiga makofi. Walipiga makofi kwa sababu watoto wao hawakumwinua mwenzao.

Jumamosi Kijiti alikwenda kumwona. Mama Cheko alikuwa msusi, na wateja aliwahudumia hapo hapo kibarazani. Alikuwa na kichwa cha mtu mapajani, vidole vikienda bila yeye kuviangalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita, yuko ndani, anakusubiri." Halafu, kabla Kijiti hajavuka kizingiti: "Wanasema alificha ugonjwa. Ugonjwa gani huo? Mtoto nimemsuka tangu ana nywele za kuhesabika. Kichwa chake nakishika kila wiki. Angekuwa na homa ningeijua kwa vidole." Akavuta unywele, mteja akanung'unika. "Samahani dada. Nimekuumiza wewe badala ya wao."

Cheko alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani. Alipomwona alijaribu kupiga saluti, mkono ukaenda sikioni badala ya kwenye paji la uso.

"Sasa... natembea... kama Afande... akitoka kantini," alisema, na wote wawili wakacheka, Kijiti kwa nguvu kupita kiasi.

Wakakaa. Nje mama alisikika akimwambia mteja ageuze kichwa.

"Kijiti. Nataka... kukuuliza." Cheko alisubiri maneno yafike. "Nilikuita. Ulinisikia?"

"Hapana," Kijiti akasema.

Cheko alimtazama, kisha akaitikia kwa kichwa, kichwa kikayumba. "Basi. Nilifikiri... labda sikuita. Labda... kweli mimi ni mgonjwa... na sikujua."

Kijiti alirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima neno lile moja lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mwongo ni mmoja, alifikiri, na mwenye kulipia uongo ni mwingine.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na sare za kikosi kizima zilipita mikononi mwake. Ukutani, juu ya mashine, alitundika picha ya Kijiti akiwa na bereti. Kila mteja alionyeshwa kabla ya kupimwa. Kamanda wa kikosi hupewa barua ya shule ya kumwombea nafasi ya chuo, na mama alikuwa ameshamtangaza mtaani kuwa ni mwanachuo. Jioni hiyo alikuwa akifumua pindo la suruali kwa wembe.

"Ya nani hiyo?" Kijiti akauliza, ingawa alikuwa ameshaona. Alijua kiraka kile cha ndani, goti la kulia. Alikuwepo siku kilipowekwa.

"Ya shule. Wameileta niirefushe, kuna mvulana wa darasa jingine anaingia kwenye nafasi."

"Nafasi ya Cheko."

"Nafasi iliyo wazi." Mama hakuinua macho. "Kikosi lazima kitimie, mgeni anakuja. Mimi nashona ninacholetewa, mwanangu."

"Mama, mimi nilimsikia akiniita."

Wembe wa mama uliacha kukata. Aliliweka pindo mapajani, uzi umemning'inia mdomoni.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi imetosha. Nisikilize. Siku ya sherehe utasimama mbele ya mgeni, useme maneno yako matatu, upate barua yako, uende. Baadaye tutakuwa na maisha mazima ya kusema ukweli."

"Na yeye?"

"Yeye ana mama yake." Alipolisema hilo alilisikia mwenyewe, akageuza uso, akalichukua tena pindo. Lakini hakufumua. Alilishika tu.

Jumatatu Mwalimu Mkuu alimwita ofisini. Afande alikuwa amesimama pembeni karibu na kabati, amekonda, mkanda umesogezwa matundu mawili.

"Kamanda, ripoti yako kwa Mgeni Rasmi unaikumbuka?"

"Naikumbuka, mwalimu."

"Iseme."

"Mgeni Rasmi, kikosi cha wanafunzi kiko kamili, tayari kwa ukaguzi wako."

"Hivyo hivyo. Usiongeze, usipunguze. Familia ya yule binti tumewaalika pia, watakaa hemani. Tunataka waone kwamba shule haina kinyongo nao."

Kijiti alirudia maneno hayo kichwani kuhakikisha amesikia vizuri. Shule haina kinyongo nao. Alimtazama Afande. Afande alikuwa akiangalia kabati.

Siku ya sherehe ikafika. Mahema yalikuwa na vitambaa vyeupe, buluu ilishindwa. Wazazi walijaa, matarumbeta ya shule yalimetameta, na Mgeni Rasmi, mtu mnene wa wizarani mwenye tabasamu la kudumu, aliwekwa kwenye kiti kisichopigwa na jua. Mwisho wa hema la pili alikaa Cheko, mama yake akimshika mkono, na karibu yao mama yake Kijiti, aliyechagua kiti hicho mwenyewe bila kueleza kwa nini.

Chini ya ukuta wa maabara chupa zilikuwa kwenye mstari wao. Ya utepe mwekundu ilikuwepo. Mwanakikosi fulani alikuwa akiijaza kila siku na kuirudisha mahali pake, na wenzake wote walijua ni nani, wala hawakusema.

Kijiti alikipanga kikosi. Mvulana mgeni alisimama nyuma yake ndani ya suruali ya Cheko. Mgeni Rasmi akasogezwa mbele. Kijiti akapiga hatua, akapiga saluti, na sauti ikamtoka wazi kuliko alivyotarajia.

"Mgeni Rasmi, kikosi cha wanafunzi hakiko kamili."

"Vizuri sana," Mgeni Rasmi akajibu, tabasamu liko pale pale. "Endelea."

Hakusikia. Watu wa namna yake huambiwa maneno yale yale kila mahali, basi masikio yao yamejifunza kupumzika. Kijiti angeweza kushusha mkono hapo. Angeweza hata kujidanganya kwamba amesema. Mkono ukabaki kwenye paji.

"Mheshimiwa, hujanisikia. Kikosi hakiko kamili. Amekosekana mmoja, yuko hemani kwenye kiti. Hakuwa mgonjwa. Tuliamriwa mguu sawa juani, tukasahauliwa. Kabla hajaanguka aliniita mimi, kamanda wake. Nilimsikia. Sikugeuka, kwa sababu amri ilikuwa haijatenguliwa. Kikosi hakina la kujivunia."

Tabasamu la Mgeni Rasmi lilibaki usoni kwa muda kidogo, halina mwenyewe. Mwalimu Mkuu alimwinulia mkono mpiga tarumbeta. Tarumbeta lilifika mdomoni, halikulia. Afande akavuka uwanja kwa hatua ndefu mpaka akawa uso kwa uso na Kijiti.

"Nani amekuamuru useme hayo?"

"Hakuna, Afande."

Basi Afande akafanya kile ambacho mwili wake ulikijua, akakigeukia kikosi akanguruma, "Kikosi, mguu sawa," ingawa kilikuwa mguu sawa tayari. Na Mwalimu Mkuu akaita kutoka hemani, kwa sauti ya kubana meno, "Afande, hebu njoo hapa mara moja."

Afande akaenda.

Kijiti alimtazama mgongo wake ukienda. Hemani vichwa viliinamiana, mikono ikaelezea, mtu akamfungulia Mgeni Rasmi soda. Jua lilikuwa mahali pake. Kivuli cha mlingoti kilikuwa kimelala kwenye ardhi kavu, na Kijiti alikijua kinakoelekea. Nyuma yake mvulana ndani ya suruali ya Cheko alianza kupumua kwa mdomo.

Wamesahau tena, akafikiri. Siku hii, mbele ya macho haya, wamesahau tena. Na akaelewa kwamba haikuwa bahati mbaya, wala haikuwa Afande peke yake. Wao walikuwa kitu cha kusimamishwa, kama mlingoti, na nani hukumbuka kuuambia mlingoti upumzike?

Akageuka, akawaona usoni wote kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Kikosi," akasema. Sauti ilitaka kukatika, akaiacha ikatike. "Mguu pande."

Haikuwa amri yake kutengua. Kila mmoja pale alilijua hilo, walilikariri kila asubuhi. Macho yalihama kutoka kwake kwenda hemani, yakarudi. Hakuna buti lililoinuka.

"Aliyeitoa amekwenda kunywa soda," Kijiti akasema, si kwa sauti ya gwaride sasa, kwa sauti ya darasani. "Jamani. Mguu pande. Tukanywe maji."

Wa kwanza alikuwa mvulana mgeni. Pengine kwa sababu hakuwa amefundishwa vya kutosha. Kisha safu ya pili, kisha wote, buti moja moja, ovyo, bila kishindo kimoja, gwaride baya kuliko yote yaliyowahi kuonekana uwanjani pale. Wakatembea kuelekea ukutani. Bunduki za mbao waliziacha pale zilipoangukia. Hemani mtu alisema kwa hasira kwamba hii ni aibu, na mama mmoja akamjibu bila kugeuka, "Kaa chini, unanizibia."

Barua ya chuo haikuandikwa. Muhula uliofuata bereti ilipewa mwingine, na kwenye ratiba ya mafunzo waliongeza mapumziko ya maji, wakayatangaza kama wazo lao. Kanuni ya asubuhi hawakuigusa. Mama yake Kijiti hakuletewa tena sare za kushona, na picha hakuiondoa ukutani.

Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Wakati ule Kijiti alichukua chupa yenye utepe mwekundu, akavuka uwanja mpaka hema la pili, akapiga magoti mbele ya kiti. Mama Cheko alikuwa akilia kimya na mama yake mwenyewe alimshika bega. Kijiti alifungua kifuniko, akaishikilia chupa, maana mikono ya Cheko ilitetemeka, akamnywesha.

"Nilikudanganya," akasema. "Nilikusikia."

Cheko alimeza, akajipangusa kidevu kwa mkono uliokosea njia mara mbili.

"Nilijua," akasema, neno kwa neno. "Nilikuwa... nyuma yako. Niliona... shingo yako... ikitaka kugeuka."